Kopo Lililokuwa Kando ya Tairi

Mwanangu Somoe,

Mimi baba yako nina miaka sabini, au sabini na miwili, inategemea unamwamini karani gani. Nimedumu kuliko malori ya ushirika, yale ya kijani, ambayo rangi yake niliipaka mimi. Nimedumu kuliko Mhindi aliyenifundisha kazi kule Mtwara, na kuliko mwanawe aliyerithi gereji. Nimezika ndugu wanne wa tumbo moja na mke wangu wa kwanza, niliyemwoa kabla ya mama yako. Nimepita njaa mbili za kula ming'oko, mizizi ya porini, nimepita miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na nimepita ruksa, ambayo ilitaka kunimaliza kuliko njaa zote mbili. Bado nipo. Macho yangu bado yanaona rangi iliyobanduka kwenye gari lililosimama ng'ambo ya barabara. Hakuna fundi mwingine Masasi hii anayeweza kusema hivyo, na akisema, mlete kwangu.

Marahaba, maana najua ukiikuta barua hii utasema shikamoo hata ukiwa peke yako. Ndivyo nilivyokulea.

Usishangae herufi zangu kuwa nene. Mimi nilijifunza kuandika kwa kupaka namba za magari. Kisomo cha watu wazima kilipokuja kilinikuta nazijua herufi nyingi tayari, mwalimu akashangaa. Lakini barua ndefu sijawahi kuandika. Hii nimeianza adhuhuri, wewe uko Chiwata kwa shangazi yako kuaga kabla ya kwenda chuo Mtwara, na sasa watu wanakwenda alasiri nami nimeshaharibu karatasi sita. Ningeweza kukungoja nikakwambia kwa mdomo. Hapana, nisianze na uongo. Nisingeweza.

Sikuandikii habari ya chandarua, wala ya kufunga sanduku kwa kufuli, wala ya vijana wa chuoni. Shangazi yako atakuwa amekuchosha na hayo. Nakuandikia habari ya kopo. Ile alama ya mkono wako wa kulia, na ile ya shavuni inayokwenda mpaka chini ya sikio, unajua kwamba ni mafuta ya maganda ya korosho yaliyokubabua ulipokuwa hujatimiza miaka minne. Na unajua, kwa sababu nilikwambia mimi, kwamba mama yako aliyaacha kwenye kopo akaenda zake. Soma polepole sasa. Nitafika huko. Lakini lazima nipitie kwenye gari, maana bila gari hutaelewa, na mimi mwenyewe hata na gari sielewi sawasawa.

Kabla ya ruksa kazi yangu haikuwa na maswali. Magari ya Masasi yalikuwa na rangi chache: kijani ya ushirika, kijivu ya serikali, nyeupe ya misheni, zikaishia hapo. Nilizichanganya kwa jicho. Natia tone kwenye ukucha wa dole gumba, nausogeza ukucha kwenye bodi ya gari, nikiona ukucha umepotea, najua rangi imekubali. Watu walikuwa wanakuja kuutazama huo ukucha tu. Walikuwa wanaacha shughuli zao, Somoe. Mtu anatoka kununua chumvi anakuja kusimama gereji kwa Fundi Issa.

Na kazi niliyoipenda si kupaka gari zima. Gari zima mtu yeyote mwenye pampu atapaka. Mimi nilipenda doa dogo, jiwe limeruka limeng'oa rangi kiasi cha punje ya mtama. Hapo ndipo utamjua fundi. Brashi hairuhusiwi. Unachonga njiti ya kiberiti, au unachukua unyoya wa kuku, unadondosha rangi kidogo, unangoja ikauke. Unadondosha tena, unangoja. Yule Mhindi alikuwa ananizaba kofi la kisogo nikidondosha mara ya pili kabla ya wakati. Lakini kabla ya kudondosha chochote kuna jambo moja alilonifundisha ambalo mimi nililikataa. Lazima ukwangue. Unachukua wembe, unaikwangua rangi yote iliyolegea pembeni na kutu yote iliyo chini, mpaka chuma king'ae. Sasa doa la punje ya mtama linakuwa doa la punje ya hindi, na mwenye gari amesimama pale anakutazama, roho inamtoka, anaona unamharibia. Mimi sikuupenda uso ule. Nilipenda uso wa mtu anayesema, Fundi Issa, mbona silioni tena. Kwa hiyo nikatafuta njia yangu mwenyewe.

Njia yangu niliipata Mnyambe, siku nilizokwenda kumposa mama yako. Nilimkuta babu yako anapaka nguzo za nyumba mafuta meusi ya maganda ya korosho. Akaniambia mchwa hagusi hapo, wala maji hayaingii. Nilinyamaza kwa adabu ya ukwe lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Kitu kinachomshinda mchwa na maji, kutu ni nani? Nikarudi Masasi nikawa nakaanga maganda kwenye bati lenye matundu, mafuta yanachuruzika kopo linajaa. Doa la gari silikwangui. Naweka tone la mafuta juu ya kutu, nafunika na rangi, na siku hiyohiyo linapendeza. Nilijivuna mpaka barazani kwa wazee kwamba nimewashinda watengeneza magari wote kwa maganda tunayotupa. Yalikuwa malori, mwanangu. Nani anarudi kuchungulia doa la lori?

Halafu ikaja ruksa. Sijui shuleni mmefundishwa vipi. Mimi niliona hivi: tulilala na chama cha ushirika, tukaamka na wanunuzi wa korosho kutoka kila upande, kila mmoja na mizani yake na gari lake. Dukani kukawa na sabuni za aina saba, mama yako akasimama kaunta hajui achukue ipi, akarudi bila. Na magari yakaja, yale yaliyokwisha kutumika Ujapani, yana rangi zisizo na jina. Ukitazama huku ni bluu, ukizunguka ni kijivu, jua likishuka ni kama moshi. Watoto wa mjini wakaniambia hiyo ni metali. Metali ni nini? Mimi rangi nilizozijua zilikuwa zinakaa mahali pamoja.

Basi asubuhi moja akaja Zakaria. Huyu alikuwa dereva wa Bwana Mshamu, mnunuzi wa korosho aliyetoka pwani, na gari lilikuwa pikapu ya Bwana Mshamu, mpya machoni pa watu wote, ya rangi hiyohiyo ya moshi. Bwana Mshamu alikuwa Mtwara, anarudi siku ya sita. Zakaria alipewa gari alilinde. Yeye akapanda nalo Newala kuwaonyesha wakwe zake watarajiwa, na wakati wa kuteremka mlima akafuata lori kwa karibu, mawe yakaruka, boneti ikapata madoa matatu. Matatu tu, madogo. Alipofika gereji macho yalikuwa mekundu.

"Fundi, ukinifichia hili, mimi ni mtu wako," akaniambia.

Hilo neno likumbuke, nitalirudia.

Nikaanza kazi. Kopo la mafuta ya korosho niliweka chini, kando ya tairi ya mbele. Miaka mingine nilikuwa najiambia niliweka juu ya pipa la mafuta likaanguka. Hapana. Niliweka chini, nimekaa nimefikiri, niliweka chini. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye picha ya mtoto anayecheka.

Siku hiyo kulikuwa na msiba Chiwata. Mama yako akatoka ndani amejifunga kanga za msibani, amekushika mkono, akaja mpaka kwenye gari. Alisema maneno mawili. Nayaandika kama alivyoyasema, maana haya ndiyo yaliyonifanya nikaharibu karatasi sita.

"Baba Somoe, nakuachia mtoto. Na hilo kopo liondoe chini."

Mimi nilijibu nini sikumbuki. Nilidhani niliguna tu. Zakaria anasema nilisema, nenda, mimi si kipofu. Yawezekana. Ni maneno yangu hayo, yanafanana nami.

Akaenda. Wewe ukakaa kivulini unacheza na vifuniko. Mimi nikashika rangi. Nilichanganya bluu na ile rangi ya fedha wanayopaka mageti, nikaweka kwenye ukucha, nikausogeza kwenye boneti. Ukucha ukapotea. Nikafurahi, nikasogea upande wa pili ili Zakaria aone. Ukucha ukaonekana, mweusi kama umepondwa na nyundo. Nikaongeza fedha. Upande huu ukapotea, upande ule ukaonekana. Nikazunguka. Nikarudi. Zakaria akaanza kucheka, akasema fundi leo unatufu kama uko Makka. Nikakasirika, si na Zakaria, nilikasirika na rangi. Nilikuwa nimeinama jicho liko kwenye ukucha, ukucha uko kwenye boneti, na mtu angenipiga rungu nisingesikia.

Ulilia, nikageuka. Ulikuwa umeingiza mkono wote kwenye kopo mpaka juu ya kifundo, halafu ukajipangusa shavu, maana ulikuwa na mafua.

Sasa hapa kuna jambo ambalo hata mama yako halijui. Zakaria alikimbilia maji na sabuni. Mimi nilimsukuma. Nilijua mimi, fundi wa mafundi. Mafuta yaliyoshika huondolewa kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi. Nikachukua kitambaa nikakipangusa kile kimkono chako kwa tina, na shavu, nikapangusa kama ninavyopangusa bodi ya gari. Sauti uliyotoa siwezi kuiandika. Kwa hiyo ile alama si ya mafuta peke yake. Kiasi gani ni mafuta na kiasi gani ni tina, sijui. Nimeitazama miaka yote hii, ukiwa unapakua ugali, ukiwa unaandika, najaribu kutenganisha, siwezi.

Nilikubeba mbio mpaka zahanati. Kulikuwa na foleni, na nusu ya watu wa foleni ile walikuwa wananijua. Muuguzi akakufunua kitambaa, akaniangalia kwa jicho kali. "Nani aliyekuwa na mtoto huyu?"

Nikasema, mama yake. Nikasema ameacha kopo la mafuta ya nguzo chini, kaenda msibani bila kuniaga, mimi nipo kazini sina habari. Yalitoka yamepangika namna ile. Nakuapia sikuyapanga. Sikuwa nimefikiria kitu chochote zaidi ya mkono wako. Lakini yalitoka, na watu wa foleni wakasema ah, na nikaona ule uso niliozoea kuupenda, uso wa mtu asiyeliona doa. Mpaka leo nikijiuliza ni nani aliyesema pale, napata jibu kwamba ni mimi, halafu naanza kuuliza upya.

Maneno yalifika Chiwata kabla mtu hajamfikia mama yako. Aliporudi, mji mzima ulikuwa umeshamhukumu. Hakupiga kelele. Alikuchukua, akakulaza kifuani, siku tatu hakusema na mimi. Nilijua anangoja nini. Siku ya kwanza nilijiambia kesho. Siku ya pili nilijiambia akiniuliza nitasema. Hakuniuliza.

Siku ya nne akaja mjomba wako Bakari kutoka Mnyambe, na wazee wawili. Unajua kwetu ilivyo, kwa Wayao na kwa Wamakonde vilevile. Mtoto ni wa kwa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Baba ni mtu wa heshima, anakaribishwa, lakini jambo likiharibika mwanamke anarudi kwao na watoto wanafuata. Mjomba wako hakuja kwa ugomvi. Alikuja kuuliza. Tukakaa ukumbini, akamgeukia dada yake.

"Kopo ni la nani?"

Mama yako akanitazama. Halikuwa jicho la hasira. Ningelijua la hasira, ningepambana nalo. Akasema, "Muulize mwenye nyumba."

Na mimi nikasema, "Kopo ni lake."

Hapo ndipo ningeweza kukwangua, mwanangu. Lilikuwa bado dogo.

Bakari alisikia kwamba kuna dereva alikuwepo. Zakaria alikuwa nje, amekuja kuangalia madoa yake kama yamekauka. Wakamwita. Akasimama mlangoni kofia mkononi. Kabla mjomba wako hajafungua mdomo, mimi nikauliza kwa upole kabisa, "Zakaria, pikapu ya Bwana Mshamu inaendeleaje?" Nilisema hilo tu. Akanitazama, akatazama chini, akasema yeye alikuwa amelala kivulini hakuona kitu. Mtu wangu.

Nikaongeza nguvu. Nikasema mtoto hatakwenda kwa mtu aliyemchoma. Nikasema mbele ya wazee. Mjomba wako alikuwa na haki yote ya kukubeba siku ile, wala nisingefungua mdomo, lakini aibu ilimshika kwa ajili ya dada yake, akainama akaokota kofia yake. Wakaondoka na mama yako, wakakuacha. Nilitembea na sifa hiyo, Somoe. Nilisema sokoni, nilisema kwenye kahawa, kwamba toka Masasi mpaka Newala hakuna mwanamume mwingine aliyemshinda shemeji yake akabaki na mtoto. Watu walinisifu. Nilinunua kahawa.

Sasa madoa ya gari. Bwana Mshamu alirudi siku ya sita hakuona kitu. Zakaria alinishika mikono yote miwili. Baada ya wiki tatu hivi, jua la Masasi likapiga ile boneti, na mafuta yaliyokuwa chini yakaanza kupanda. Kwanza pete ya rangi ya chai kuzunguka kila doa. Halafu rangi ikakunjamana. Bwana Mshamu alileta gari mwenyewe, Zakaria ameketi nyuma kama mzigo. Bwana Mshamu hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliweka kidole kwenye doa, akasukuma, na rangi ikatoka yote kama utando wa juu ya maziwa, kipande kikubwa kama kiganja. Chini yake kutu imekula, nyekundu, mbichi. Vipande vitatu.

"Hukukwangua," akasema.

Zakaria alipoteza kazi siku ile. Lakini juu ya kopo hakusema neno, wala siku ile wala baadaye, na hilo nalo silielewi, maana hapakuwa tena na kitu nilichomfichia. Alirudi kwao Lulindi akalima.

Tangu siku ile mimi nakwangua. Nilimwaga mafuta yote, nikafukia kopo. Mwenye gari akisimama roho inamtoka, namwambia toka hapo ukanywe chai, nakwangua mpaka ning'arishe chuma. Ndiyo maana mpaka leo wananiletea magari kutoka Nachingwea, na hata hizi metali nimeshazijua. Siri yake ni kwamba usitafute zipotee pande zote, hazipotei. Unatafuta zipotee pale mwenye gari atakaposimama mara nyingi. Nakwangua, Somoe. Magari. Magari tu ndiyo niliyokwangua.

Nilidhani ningekaa hivyo mpaka kaburini. Sasa mambo mawili yamenichanganya.

La kwanza, mwezi uliopita nilikuwa nyuma ya gari la mwalimu wako, nimechuchumaa, nyinyi hamkuniona. Mwalimu akakuuliza kama mama yupo hai, maana anajaza fomu ya chuo. Ukasema, "Yupo Mnyambe. Aliyenichoma." Ulisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kijiji. Njiti ya kiberiti ilikatika mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyekupa maneno hayo. Miaka yote nilifurahi kwamba hukuumia nayo, umeyazoea. Siku ile nikasikia yalivyokuwa laini, nikaogopa. Sijui niliogopa nini.

La pili unalijua. Juma lililopita mjomba wako alipoleta kanga, zawadi ya safari kutoka kwa mama yako. Hukuifungua. Ulinirushia ukacheka, ukasema, "Baba, futia magari." Mjomba wako alikuwa bado yuko mlangoni. Sikukukaripia. Nilimsindikiza mpaka barabarani, na kabla ya kuachana akaniuliza swali analouliza kila akija, na kila akija namjibu kwa mkato. Ameambiwa na dada yake aulize kama mkono wako unafunga ngumi sawasawa. Miaka yote hiyo, Somoe. Mama yako hajawahi kutuma kuuliza kama unamkumbuka. Anauliza kama vidole vinajikunja.

Nilimwambia vinajikunja. Nikarudi nikakaa gereji. Siku ya pili nilipanda gari la mkaa nikaenda Lulindi kwa Zakaria. Ana mvi sasa. Alinikaribisha vizuri, mkewe akaniletea uji wa mtama, tukazungumza mvua, tukazungumza dawa ya mikorosho. Nilipoinuka kuondoka ndipo aliposema.

"Binti ameshajua?"

Nikamwambia atajua.

"Lini?"

Ningemjibu kwa ukali, najua namna. Lakini nilikuwa nimekula uji wake.

Kitu kimoja ambacho sitakielewa mpaka nife ni kwa nini mama yako hakusema. Ulimi anao. Alikuwa ananisuta mbele ya wageni kwa mambo madogo kuliko hilo. Nimefikiri ni aibu. Nimefikiri ni hasira iliyopita kiasi. Nimefikiri labda alijua kwamba akisema, mjomba wako angekuchukua siku ileile na mimi ningebaki mtu wa kuchekwa Masasi nzima, akanihurumia. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima raha, maana kama ni hivyo basi alikuacha kwangu kwa kunionea huruma, na mimi nikakutumia kumpiga. Nimelizungusha kama ile rangi. Upande huu linapotea, upande ule linaonekana. Kamuulize wewe. Mimi hatanijibu, na nikijua jibu sijui nitaliweka wapi.

Sikuombi msamaha humu. Ukubwa wangu hauniruhusu, na barua ni kitu chepesi, kinafunika upesi. Nimekwangua tu. Sasa doa limekuwa kubwa kuliko ulivyolizoea, naona, na kesho wewe unasafiri nalo. Nisamehe kwa hilo peke yake, la kukupa mzigo siku ya safari. Ningeweza kukupa jana. Ningeweza kukupa ulipokuwa na miaka saba, uliponiuliza mama yuko wapi, nikakununulia mkate wa sukari.

Nimekukatia tiketi ya basi la chini, lile linalopita Lindi. Kila ukienda Mtwara nimekukatia la chini, na ukiniuliza kwa nini nasema barabara ya juu ina vumbi. Ina vumbi kweli. Lakini basi la juu linapita Newala, na ukishuka Newala magari ya Mnyambe yanapatikana stendi, na chuo hakifunguliwi mpaka Jumatatu. La chini linaondoka alfajiri. La juu saa mbili. Nimeongea na konda, tiketi inabadilishwa, hakuna neno. Sikuamrishi. Nilikuamrisha vya kutosha.

Asubuhi hutanikuta nyumbani. Nitakuwa gereji mapema, nina gari la watu la kumaliza, madoa mawili mlangoni. Mabasi yote mawili yanapita mbele yangu, nitajua umepanda lipi. Usipunge mkono kama hutaki.

Kanga ya mama yako sikufutia gari. Iko chini kabisa ya begi lako, imekunjwa kama ilivyokuja. Maandishi yake nimeyasoma, sitayaandika hapa, hayakuandikwa kwa ajili yangu.

Na kama unaona mzee amechanganyikiwa, au anajisifu hata kwa ubaya, maana najua shangazi yako atasema hivyo, wapo wa kuulizwa. Yupo Zakaria, Lulindi, taja tu dereva wa zamani watakuonyesha. Yeye aliliona kopo kando ya tairi, alisikia mama yako alichoniambia, na aliona kitambaa cha tina mkononi mwangu. Yupo mjomba wako Bakari, ambaye alidanganywa, lakini atakueleza dada yake alivyonitazama kabla sijajibu. Na yupo mama yako mwenyewe, Mnyambe, nyumba yenye nguzo nyeusi. Yeye anajua yote isipokuwa ile tina, na hiyo umwambie wewe. Toka siku ile aliulizwa mara moja tu, akasema niulizwe mimi.

Baba yako,
Fundi Issa